Kiangazi cha nyanda za Kansas: ninavyousoma mwelekeo wa msimu

Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, kituo cha utabiri wa tabianchi cha Marekani, kilicho chini ya NOAA, shirika la serikali la bahari na angahewa, hutoa ramani za miezi mitatu inayofuata. Huku kusini-magharibi mwa Kansas, kati ya Garden City na Dodge City, inayosubiriwa kwa hamu ni ya katikati ya Mei, maana ndiyo inayobeba Juni, Julai na Agosti. Ikishatoka, simu yangu haitulii. Sisi tunaoongea Kiswahili huku tunajuana, na wengi wa wenzangu ni Wakongo walioajiriwa kwenye viwanda vya nyama. Wananitumia picha ya ramani iliyopakwa rangi ya chungwa, na chini yake swali: "Kaka, mwaka huu tutaungua?" Wananiuliza mimi kwa kuwa nimefanya kazi kwenye mazizi ya ng'ombe na sasa niko shambani. Wanaona anayeshinda juani ndiye anayejua jua linapanga nini.

Siri za jua sizijui, ila ramani ile nimeizoea, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba haina habari ya nyuzi joto. Wataalamu huchukua viangazi vya miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020, wakavipanga kuanzia kile cha joto dogo hadi kile kikali, kisha wakavikata mafungu matatu sawa: la chini, la kati na la juu. Usipojua lolote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 na ushee. Ramani ikikuandikia asilimia 45 juu ya wastani, maana yake fungu la juu limeongezewa uzito, kutoka 33 hadi 45. Zile 55 zilizobaki ni za kiangazi cha kati au cha ubaridi, na kwa kawaida hakuna anayezitazama. Nimeshakaa mezani na mtu mzima akieleza kwa uhakika kwamba kiangazi kitakuwa na joto zaidi kwa asilimia 45, na meza nzima ikaitikia kwa masikitiko. Asilimia 45 ya nini, hakuna aliyeuliza.

Mtu aliyekulia Tanzania akisikiliza matangazo ya Masika na Vuli atauelewa mpangilio huu upesi. Ni ule ule wa "wastani hadi juu ya wastani". Tofauti ni kwamba huku wanakuwekea na namba za nafasi, na namba hizo zikiingia mikononi mwa watu hugeuka kuwa ahadi.

Ramani ya mvua ni kesi nyingine. Kwa kiangazi, eneo letu mara nyingi huachwa jeupe, maana yake nafasi ni sawa kwa mafungu yote matatu. Wenyeji hawaipendi rangi hiyo hata kidogo. Mzee mwenye shamba ninakofanya kazi husema analipa kodi ili mtu aliyesoma amwambie "sijui". Ananichekesha, lakini kwenye hili sikubaliani naye. Weupe ule una sababu, na ukiielewa sababu hutamdai mtabiri kitu ambacho hana.

Wakati wa baridi, bahari ya Pasifiki ina sauti kubwa. El Niño (maji ya Pasifiki ya ikweta yakipata joto kuliko kawaida) au La Niña (yakipoa kuliko kawaida) ikishajijenga, mikondo ya upepo wa juu hupinda kwa namna inayojulikana, na mtabiri ana pa kushika. Kiangazi kikija, mikondo hiyo hudhoofika na kusogea kaskazini, na mkono wa bahari juu ya nyanda hizi hulegea. Mvua ya hapa inabaki kuwa ya ngurumo, yaani ya wingu moja moja. Mchana jua huchemsha miteremko ya milima ya Rocky na tambarare za juu upande wa magharibi, mawingu yanapanda, jioni yanaanza safari ya kwenda mashariki. Usiku, mita mia chache tu juu ya ardhi, upepo wa kusini huongezeka nguvu na kubeba unyevu kutoka Ghuba ya Mexico, nao ndio unaoyalisha mawingu hayo yasife jua linapozama. Ndiyo maana huku ngurumo za usiku ni jambo la kawaida, na kadiri unavyokwenda mashariki ndivyo zinavyochelewa zaidi kukufikia.

Sasa wingu la namna hiyo linapita wapi? Nimesimama kwenye kona ya shamba moja asubuhi, kipimo cha mvua kikiwa na milimita 40 na tope likinishika viatu, huku ng'ambo ya barabara vumbi liko pale pale. Robo tatu hivi ya mvua yetu ya mwaka huanguka kati ya Aprili na Septemba, na sehemu kubwa huja kwa mtindo huo wa kubahatisha. Mawingu manne au matano yakikupitia, umepata msimu. Yakimpitia jirani, umepata hadithi. Hakuna mtu anayeweza kukaa Mei na kusema yale ya Julai yatapita barabara ipi.

Kwa hiyo watu wakiniuliza natazama nini kwanza, huwa nawaambia natazama chini.

Huyo mzee ana fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja, mkono wa kushikia juu, na chini ina kichwa cha mviringo kilichonenepa kidogo kuliko fimbo yenyewe. Inakaa kwenye gari lake la kubebea mizigo mwaka mzima. Unaisimamisha shambani, unaweka uzito wa mwili bila kugongagonga. Udongo wenye unyevu unaipokea, inazama kama kisu kwenye mkate. Ikifika palipo pakavu inasimama papo hapo, na usukume upendavyo haiendi. Unashika fimbo usawa wa ardhi, unaitoa, unapima. Udongo wetu mwingi ni tifutifu laini, na kila sentimita 30 zake zikijaa vizuri hubeba karibu milimita 50 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia. Fimbo ikizama sentimita 90, una karibu milimita 150 benki. Ikigoma kwenye 20, unaingia kiangazi mfuko mtupu, na kila tone utakalolihitaji itabidi lishuke kwa wakati wake.

Nilipoanza niliona ni mambo ya kizee. Ila nimeuliza watu waliosoma, na maelezo yao yanaafikiana na fimbo. Jua likipiga ardhi yenye maji, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kuvukiza maji hayo kupitia udongo na majani. Likipiga ardhi kavu hakuna cha kuvukiza, nguvu yote inaingia kwenye kuchemsha udongo na hewa iliyo juu yake. Ardhi kavu ya Mei kwa hiyo yenyewe ni sababu ya Julai kali. Watabiri wanalijua hilo na unyevu wa udongo ni moja ya vitu wanavyoviingiza kwenye ramani ya joto. Ndiyo sababu ramani ya joto huwa na rangi hata mwaka ambao ya mvua ni nyeupe. Wazee huku wanaposimulia mwaka 1936, wakati wa Vumbi Kuu, ule ukame wa dhoruba za vumbi wa miaka ya 1930, wanasimulia jambo hilo hilo: tarehe 24 Julai mwaka huo, Alton, kaskazini mwa Kansas, ilifika nyuzi 121 za Farenhaiti, zaidi ya 49 za Selsiasi. Rekodi hiyo ya jimbo haijavunjwa. Nchi ilikuwa imekauka kwa miaka kabla ya siku ile.

Kwa asiye na fimbo, ipo ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi na kituo cha Chuo Kikuu cha Nebraska kwa kushirikiana na NOAA na wizara ya kilimo. Imekuwepo tangu 1999. Inapanga ukame kwa ngazi, kutoka D0, ambayo ni ukavu tu, hadi D4, ambayo nisingemwombea adui. Wafugaji wanaifuatilia kwa sababu ya pesa pia, kwani msaada wa serikali kwa malisho yaliyokauka hufuata ngazi hizo. Mimi nikipokea ramani ya mwelekeo wa kiangazi huiweka kando ya hii ya ukame. Pale ambapo rangi ya joto ya moja inakaa juu ya D3 ya nyingine, ninaichukulia kwa uzito kuliko asilimia yoyote iliyoandikwa.

Mwaka 2022 yalikutana hivyo. La Niña ilikuwa imekaa tangu 2020 na haikuwa na haraka ya kuondoka, udongo ulikuwa umekauka, na mwelekeo wa kiangazi ulielemea upande wa joto. Kiangazi kikawa cha joto kweli. Ukiishia hapo utasema ramani ilishinda. Lakini kilichotuumiza hakikuwemo kwenye ramani na kisingeweza kuwemo.

Nilikuwa bado kwenye zizi la kunenepeshea ng'ombe. Katikati ya Juni, kuanzia kama tarehe 11, joto lilipanda ghafla kupita nyuzi 38, na hilo lenyewe halikuwa muujiza kwa Kansas. Muujiza ulikuwa upepo. Nchi hii ina upepo kiasi kwamba ukitulia watu hutoka nje kuangalia kuna nini, na siku zile ulitulia. Unyevu ukapanda, na usiku ukakataa kupoa. Ng'ombe hatoi jasho la maana. Mchana kutwa anakusanya joto, la jua na la tumbo lake mwenyewe linalochachusha chakula, na usiku ndipo analitoa. Akinyimwa usiku mmoja anaamka na deni. Akinyimwa wa pili, deni linajumlishwa.

Dalili unaziona kwa macho ukijua pa kuangalia. Kwanza wanaacha kulala, wanasimama wamekusanyana kwenye birika la maji hadi wa nyuma hawafiki. Halafu mbavu zinaenda mbio. Halafu mdomo unafunguka, udenda unaning'inia, shingo inanyooshwa mbele. Ulimi ukishatoka nje wote, huna muda. Weusi ndio wa kwanza, na walionona ambao walibakiza wiki chache kwenda kuchinjwa, yaani wale ambao mwenye mali ameshawalisha pesa zake zote. Tuliongeza mabirika ya muda, tukamwagia maji vilima vya udongo ndani ya mazizi ili wapate mahali pa kusimama pasipowachoma kwato. Chakula tukakihamishia jioni, sababu joto la kuchachua hupanda saa kadhaa baada ya kula, na ukimlisha asubuhi linakutana na jua la alasiri tumboni mwake. Tulipoteza kadhaa. Wengine walipoteza wengi. Idadi iliyoripotiwa serikalini kwa jimbo zima ilifika angalau 2,000, na picha za mizoga zilizunguka dunia zikifuatana na uvumi wa kila aina, sumu, njama, na mengine. Nilikuwepo. Ilikuwa ni joto, unyevu, na upepo uliogoma.

Tangu hapo nikiulizwa kuhusu joto la kiangazi ninajibu kwa usiku. Mchana wa nyuzi 40 wenye upepo na hewa kavu, ukifuatiwa na usiku wa nyuzi 18, mifugo na watu wanauvuka. Mchana wa 37 wenye hewa nzito na usiku usioshuka chini ya 25 ni hatari zaidi, kwa ng'ombe na kwa bibi anayeishi kwenye nyumba ya magurudumu bila kiyoyozi. Ramani ya msimu haikuonyeshi hilo. Utabiri wa siku tatu hadi saba unakuonyesha, ukisoma mistari ya kiwango cha chini cha joto na unyevu badala ya kukimbilia namba kubwa ya mchana.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloifanya ramani ya Mei ionekane haina kazi. Wakati inatoka, mambo mengi yameshafungwa. Ngano ilipandwa Septemba na Oktoba iliyopita. Mei inajaza punje, na kinachoiamua ni wiki mbili tatu hizo, pepo za moto zikiipitia punje zinasinyaa. Bima ya mazao ya kiangazi mwisho wake ni tarehe 15 Machi. Mahindi mengi yako ardhini. Mwelekeo wa kiangazi unamkuta mkulima akiwa na mambo machache tu ya kuamua: mtama, malisho, nyasi kavu za kununua, na maji ya kumwagilia ayagawe vipi.

Mtama ndio mfano mzuri. Huku hupandwa mwishoni mwa Mei hadi Juni, kwa hiyo ramani inawahi. Nao ni mvumilivu. Mahindi yakikosa maji mbelewele zinapotoka na nywele za gunzi zinapochomoza, kwa kawaida Julai, chavua na nywele vinapishana na gunzi linabaki na mapengo. Nafasi hiyo hairudi. Mtama husimama, ukajikunja, ukangoja mvua, ukaendelea. Kansas inaongoza Marekani kwa mtama, na ukiishi huku huhitaji kuuliza kwa nini. Mwaka ambao fimbo imegoma juu na ramani ina rangi, kipande ambacho kingekwenda kwenye mahindi ya kutegemea mvua huko magharibi kinakwenda kwenye mtama, au kinapumzishwa kabisa kikusanye maji ya ngano ijayo.

Mwaka 2023 ulionyesha jinsi mvua na faida zinavyoweza kupishana. Ngano iliteseka msimu mzima, mashamba mengi ya magharibi yaliachwa bila kuvunwa. Mwishoni mwa Mei na Juni mvua ikaja, nzuri kabisa, na watu wa mjini wakatupongeza. Kwa ngano ilikuwa imechelewa. Iliyosalia ilipigwa na mvua ikiwa imeshakauka, kombaini zikasubiri kwenye tope na magugu yakaota katikati ya mashina. Mtama na malisho vilifurahia. Ukimwuliza mtu wa takwimu, mvua ya kiangazi hicho ilikuwa njema. Ukimwuliza mwenye ngano, usimwulize.

Kumwagilia nako si kinga kama wageni wanavyodhani wanapoona zile duara za kijani kutoka kwenye ndege. Maji yanatoka Ogallala, hifadhi ya chini ya ardhi inayopita chini ya majimbo manane, nayo huku kusini-magharibi imekuwa ikishuka kwa miongo kwa sababu inarudishwa polepole mno kuliko inavyovutwa. Visima vingi havina tena nguvu ya zamani. Mahindi ya Julai yanakunywa milimita 8 au zaidi kwa siku yenye joto na upepo, na kuna mitambo ambayo ikizunguka usiku na mchana haifikishi hizo. Hapo tofauti inajazwa na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye udongo, na tumerudi kwenye fimbo. Ninachokagua mwenyewe ni majani. Alasiri yakijikunja sishtuki. Nikipita alfajiri na nikayakuta bado yamejikunja, mmea umelala na kiu, na mzee lazima aamue shamba gani lipewe na lipi liachwe.

Kuhusu mvua ya mawe na tornado, mwelekeo wa msimu hausemi kitu na usiusubiri useme. Greensburg, mwendo wa kama saa moja mashariki mwa Dodge City, ilifagiliwa karibu yote usiku wa tarehe 4 Mei 2007. Jiwe kubwa kuliko yote lililopimwa nchini humu liliangukia nyanda hizi hizi, Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010, kipenyo chake inchi 8, yaani sentimita 20. Kwa hayo kuna tahadhari za siku hiyo hiyo kwenye simu na ving'ora, na kwa kuwa ngurumo zetu ni za jioni na usiku, simu isizimwe sauti unapolala. Wenzangu wa zamu ya usiku ninawasisitizia wajue chumba cha kujihifadhi kiwandani kiko wapi kabla Mei haijaanza.

Mwaka jana kaka mmoja Mkongo, aliyedunduliza akiba miaka mingi, alikodi malisho nje ya mji aweke ng'ombe wake mwenyewe. Alinipigia ramani ilipotoka. Joto lilikuwa na rangi, mvua nyeupe.

"Kaka, niweke wote au nisubiri?"

Nikamwuliza fimbo imezama kiasi gani. Hakuwa na fimbo. Tukaenda na ya mzee. Ilizama kina kisichofika goti, ikasimama. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya nyasi fupi za huku hukua kabla ya katikati ya Julai, kwa hiyo mvua ya Agosti itamfurahisha macho zaidi ya kumlisha ng'ombe. Achague idadi ya kuanzia, na aandike sasa hivi, kabla hajawapenda, ni tarehe gani ya Juni na ya Julai atakayokagua nyasi na atauza wangapi zikiwa fupi. Bei ya mnada hushuka pale wafugaji wote wanapoamua siku moja.

"Sasa ramani ilikuwa ya nini?" akaniuliza.

"Ya hiyo idadi ya kuanzia."

Alianza na nusu ya aliowataka, na nyasi kavu akazinunua Juni.